Kaptula, Bwana Mrija na Neno la Baba

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Hutaitika, najua, lakini mdomo wangu haujui namna nyingine ya kuanza kuongea na wewe.

Nakuandikia nikiwa barazani kwako, huku kijijini juu ya Soni, ambako nimerudi kuishi tangu nilipostaafu uuguzi. Barua hii nimeamua isomwe na watu wengine pia. Sababu nitaieleza nikifika huko, maana wewe mwenyewe hukupenda mtu aanze habari katikati.

Ilianza na gari la sinema.

Nilikuwa darasa la tatu na wewe ulikuwa mwenyekiti wa kijiji. Gari lilipanda mlima mchana, limejaa vumbi jekundu, likaegeshwa uwanja wa shule. Akashuka bwana mmoja mwembamba, mtu wa pwani, akatusalimia kwa Kishambaa: "Onga mshi." Aliitamka vibaya, lakini watu walimpigia makofi kwa kujaribu. Ulimpokea, ukamkaribisha chakula, ukamwonyesha ukuta wa kutundikia shuka jeupe. Giza lilipoingia kijiji kizima kilikuwa pale, watoto kwenye majani, wazee kwenye madawati ya shule yaliyotolewa nje.

Filamu zenyewe zilikuwa za kilimo, namna ya kukinga udongo kwa matuta, na nyingine ya kuchimba choo. Kabla ya hizo alitanguliza katuni ili watoto tutulie. Ilikuwa katuni ya kigeni, nyeusi na nyeupe, na watu wake walisema lugha ambayo hakuna aliyeielewa pale. Bwana wa sinema akapunguza sauti yao, akashika kipaza sauti, akaanza kutusimulia mwenyewe. Hadi leo sijui wale waliomchora yule shujaa walimwita nani. Kwetu aliitwa Kaptula, kwa sababu alivaa kaptula, viatu na shuka mgongoni, basi. Aliruka kutoka mlima hadi mlima. Adui yake alikuwa bwana mnene mwenye kofia ndefu, na bwana wa sinema akambatiza jina la Bwana Mrija, kwa kuwa alinyonya jasho la wakulima. Wakubwa walicheka mpaka wakashika mbavu. Ilikuwa miaka ambayo kila mkutano uliongelea kukata mirija, na huyu hapa Mrija mwenyewe alikuwa akipigwa teke mbele ya macho yetu.

Asubuhi yake mimi na Zaina hatukuwa na habari nyingine. Zaina, binti wa Mzee Hamisi aliyelima kabichi bondeni, alikuwa rafiki yangu wa kila siku. Tulibishana rangi ya ile kaptula, maana katuni haikuwa na rangi. Mimi nilisema nyekundu. Zaina alisema ya njano, kwa sababu jua lilikuwa linaimulika. Tulikuja kwako utuamue, kama watu wazima walivyokuja kwako na mipaka ya mashamba. Ulikuwa unanoa jembe. Ulitusikiliza wote wawili mpaka mwisho, kisha ukasema huwezi kuhukumu bila ushahidi.

Ushahidi ulipatikana Lushoto mjini, dukani kwa Mzee Lalu. Nilikuwa nimekwenda na Mama kupeleka plamu, kwa kuwa mke wa Mzee Lalu alipika jamu. Kwenye rafu, nyuma ya mapakiti ya viberiti, nilimwona Kaptula amesimama, wa plastiki, mrefu kama kidole changu cha kati, mkono mmoja juu. Mzee Lalu alisema lilikuja boksi zima na meli Tanga, na hakuna mtu mzima aliyetaka kununua. Mkono ulizunguka begani. Shuka la mgongoni lilikuwa jeupe na kaptula ilikuwa ya kijani.

Nilikuletea habari hiyo mbio. Uliposikia ni ya kijani, rangi ya chama, ulisema ulijua tangu mwanzo. Hukuwa umejua, Baba. Ulikuwa hujasema hata neno moja kuhusu kijani.

Tangu hapo mimi na Zaina tulichuma plamu kwa bidii ambayo Mama hakupata kuiona kwetu kabla. Mke wa Mzee Lalu alichukua kikapu, mumewe akatupatia kisanamu kimoja kutoka kwenye boksi. Hatukuruhusiwa kuchagua, tulipewa kilichotangulia mkononi. Tukampata Kaptula aliyechutama, Kaptula mwenye kamba, Kaptula anayekimbia, na wawili waliofanana kabisa, ambao tuliwafanya mapacha. Tulivihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, na kwa kuwa nyumbani kwa akina Zaina kulikuwa na wadogo wanaotafuna kila kitu, kopo lilikaa kwetu, chini ya kitanda changu. Watoto wa kijiji waliviita makaptula. Walikuja baada ya shule tukacheza kwenye matuta ya shamba, kila tuta likiwa mlima.

Tulichokosa ni Bwana Mrija. Tulitumia gunzi la hindi badala yake, lakini gunzi halina sura, na ni kazi kumchukia mtu asiye na sura. Mzee Lalu alisema Mrija labda hakuwekwa kwenye lile boksi.

Kisha ukaitwa semina Tanga, ya wenyeviti wa vijiji, kujifunza siasa ya ujamaa na kilimo cha pamoja. Ulikaa huko wiki nzima. Siku uliyorudi ulipanda mlima kwa miguu kutoka Soni, ukakaa kwenye kiti chako, ukamwomba Mama maji. Ulieleza mambo ya semina, na nilikuwa nimeanza kusinzia ulipotia mkono kwenye mfuko wa koti ukatoa kitu, ukakiweka mezani mbele yangu. Alikuwa yeye, na tumbo lake na kofia yake. Mama alikutazama. Akauliza kama huko ndiko mlikofundishwa kuleta mabepari majumbani. Ulimjibu kwamba adui lazima umjue sura.

Ile ndiyo miezi ninayoikumbuka kama utoto wangu. Sitaipamba. Tulilima, tulikwenda shule, siku za shamba la kijiji tulibeba mbolea, Jumapili tulikwenda kanisani na wewe uliimba sauti ya nne ukizidi wenzako. Lakini kila siku ilikuwa na saa moja ya makaptula, na saa hiyo ilitosha.

Yule kijana aliyekuja kuibadilisha sitamtaja jina. Alijitambulisha kuwa katibu wa vijana, amevaa suti ya mikono mifupi iliyopigwa pasi vizuri. Hakuwa mtu mbaya kwa sura, na nadhani aliyaamini aliyoyasema. Alikuja kwako kuagiza mkutano wa kijiji, na kila nyumba ilete vitu vya utamaduni wa kigeni: suruali za kubana, nywele za bandia, mafuta ya kujichubua, magazeti yenye picha za wazungu. Alipokuwa anaondoka aliwaona watoto kwenye matuta na makaptula mkononi. Akauliza ni ya nani. Watoto, kama watoto walivyo, walielekeza vidole kwetu.

Jioni hiyo tulipomaliza kula ulibaki mezani. Uliniambia kesho yake nichukue kopo langu nije nalo mkutanoni. Nilikuuliza swali moja tu.

"Vitachomwa, Baba?"

"Hapana. Nimemuuliza, akasema vitaangaliwa na watu waelezwe, kisha kila kitu kirudi kwa mwenyewe. Utarudi nalo kopo lako."

"Kweli?"

"Nimekwambia."

Nililala vizuri, Baba. Nataka ujue hilo. Sikuota kitu.

Mkutano ulikuwa chini ya ukuta uleule wa sinema. Watu waliweka vitu vyao juu ya meza ya mwalimu mkuu, na katibu akaanza kuvieleza kimoja kimoja, kama ulivyokuwa umeambiwa. Alieleza vizuri. Kisha akawapa ishara vijana aliokuja nao, wakaleta kuni kavu kutoka nyuma ya darasa na chupa ya mafuta ya taa. Nilikuona ukiinuka. Ulimwendea ukamnong'oneza, na yeye akajibu kwa sauti ya kusikika na wote kwamba hayo ndiyo maelekezo aliyopewa, mwenyekiti. Ulirudi kukaa. Uso wako ulikuwa wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo.

Suruali ya kaka yake Zaina ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa mpya, amenunua kwa kazi ya kupasua mbao msimu mzima. Zikafuata nywele za bandia za mama mmoja aliyewahi kuishi Tanga, ambazo zilinuka sana, na mama huyo akajifunika uso kwa kanga. Watu walianza kwa kucheka, kisha wakaacha.

Halafu katibu akaniita mbele. Akamimina kopo mezani, akamshika Kaptula wa kwanza, yule wa mkono juu, akaniuliza huyu nani. Nikamwambia Kaptula. Akauliza anafanya kazi gani. Nikamwambia anakata mirija ya Bwana Mrija, nikamwonyesha na Mrija mwenyewe, na kwa kuwa alionekana hajui, nikamweleza kwamba vililetwa kwanza na gari la sinema la serikali. Sikusema kwa ujeuri. Nilidhani amesahau. Watu wakaangua kicheko, kicheko cha watu waliokuwa wamebanwa muda mrefu, na uso wa yule kijana ukabadilika.

Akasema vitu hivi ni vibaya kuliko suruali, kwa sababu suruali inavaliwa mwilini lakini hivi vinaingia kwenye akili ya mtoto. Akakugeukia.

"Mwenyekiti, wewe ndiye kiongozi. Anza na vya nyumbani kwako. Tia motoni."

Ulisimama ukaja mezani. Ulivikusanya kimoja kimoja ukivirudisha kwenye kopo, mapacha, mwenye kamba, aliyechutama, Mrija mwishoni, ukafunga kifuniko ukakigonga kwa kiganja kikae. Kisha ukatembea kuelekea kwenye moto. Nilikutazama mgongoni. Sikulia, kwa sababu bado nilikuwa sijaamini. Ukaupita moto. Ukazunguka nyuma ya vijana wa kuni ukaja mpaka niliposimama, ukaniwekea kopo mikononi.

Ulisema kwa Kiswahili, si kwa Kishambaa, ili yule kijana asikose hata neno.

"Nilimwambia mtoto huyu atarudi nalo nyumbani. Anayetaka kuhoji, anihoji mimi."

Katibu akakuuliza kama unajua unachokifanya. Ukasema unajua. Kisha ukaniambia mimi, taratibu, niende nyumbani, na nisikimbie nikaanguka.

Nilitembea. Watu walinipisha njia. Nyuma yangu niliusikia moto.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Ulihojiwa, na mkutano mwingine ukaitishwa, na ukaondolewa uenyekiti kwa kukosa nidhamu. Mtu mwingine akawekwa, mtu mpole, hakuwa na kosa lolote. Siku uliyorudi nyumbani ukiwa si mwenyekiti tena, Mama alikuwa jikoni. Alianza kwa Kiswahili akamalizia kwa Kishambaa, kama ilivyokuwa kawaida yake hasira ikipanda. Alitaka kujua kama kweli mtu mzima, baba wa watoto, ameacha kazi aliyopewa na wenzake kwa ajili ya midoli. Ulikuwa unavua viatu vyako vya mvua.

"Si midoli," ulisema, ukavua na cha pili.

Mama hakukuuliza tena. Lakini kwa muda mrefu alikwenda kisimani mapema kuliko wenzake ili asikutane nao. Watu walitusalimia, kwa kuwa huku kwetu salamu hainyimwi mtu, ila walisalimia wakitembea. Wazee waliozoea kukaa na wewe barazani jioni wakawa na shughuli nyingi. Siku za shamba la kijiji ulipangiwa kazi kama mkulima mwingine yeyote na ukaifanya, kwenye matuta ambayo wewe mwenyewe ndiye uliyeyapima.

Niliona yote hayo, na nilikuwa na umri wa kutosha kuunganisha. Siku moja Mama akiwa shambani nilichukua kopo nikaketi mbele ya mafiga. Nilikuwa nimeshafungua kifuniko ulipoinama kuingia mlangoni. Uliniuliza nafanya nini. Nikakuambia nataka nivichome mwenyewe, ili wakurudishie uenyekiti.

Ulikaa kwenye kigoda cha Mama, ambacho kilikuwa kidogo kwako.

"Ukivichoma, mimi nitakuwa nimekataa bure."

Ndivyo ulivyosema, na hukunibembeleza wala hukunikumbatia, haikuwa tabia yako. Lakini ulimtoa Bwana Mrija kwenye kopo ukasema leo wewe ndiye utakuwa Mrija, mimi nimlete Kaptula. Ulikuwa mchezaji mbaya kuliko wote niliopata kucheza nao. Mrija wako alikiri makosa kabla hajapigwa, akaomba apewe jembe. Nilikufundisha kwamba lazima kwanza akatae. Ulisema huyu wa kwako amesoma semina.

Tulicheza hivyo mara nyingi baada ya hapo, katika miezi ambayo watoto wengine walikatazwa kuja kwetu. Zaina peke yake hakuacha kuja. Mzee Hamisi alisema bintiye atakwenda anakotaka. Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa naanza kuvuka umri wa makaptula. Nilicheza kwa sababu nilikuona ukinitazama ukirudi shambani, na niliona unavyotulia ukikuta yamepangwa kwenye tuta. Sikuwahi kukuambia, na sijui kama wewe nawe ulikuwa unacheza kwa sababu yangu. Inawezekana wote wawili tulikuwa tumechoka mchezo ule na kila mmoja anaogopa kumwacha mwenzake.

Nilipokwenda kusomea uuguzi nililichukua kopo. Nilipopangiwa zahanati ya Bulwa, kwenye mashamba ya chai, nilimwona mtoto wa mchuma chai analegezea jino kwa Kaptula wa mguu mmoja. Nikampa mpira mpya, naye akanipa huyo Kaptula, na mama yake alinitazama kama mtu aliyeibiwa akili. Kutoka hapo sikuweza kuacha. Kila mji niliofanya kazi nilipita kwenye mafungu ya vitu vikuukuu sokoni. Tanga nilimpata mmoja wa kiwanda kingine, mwenye kaptula nyekundu, nikamtumia Zaina ujumbe kwamba nami nilikuwa na haki kidogo. Wauguzi wenzangu waliniita Mama Kaptula. Wewe ulipokuja kunitembelea, ulikuwa ukishamaliza salamu zote, za nyumbani, za mifugo, za kanisani, unauliza, "Wako wangapi sasa?" Nami nakutajia wapya na nilikowapata, na unatikisa kichwa kama mtu anayepokea taarifa ya kijiji.

Ni mara moja tu nilikuuliza kuhusu siku ile. Ulikuwa umeshazeeka, Mama ametutangulia, na nilikuwa nakukata kucha hapa hapa barazani. Nilikuuliza kama ulijuta.

Ulisema uliogopa.

"Lakini jioni ile tungekula meza moja, mimi na wewe. Ningekutazamaje?"

Kisha ukanipa mkono wa pili.

Sasa nafika kwenye sababu ya barua hii kuwa ya wazi. Siku ya maziko yako watu walikuwa wengi kuliko tulivyotegemea. Katika wasifu, mchungaji alisoma kwamba uliwahi kuwa mwenyekiti wa kijiji, basi, akaenda kwenye uzee wa kanisa. Nilikuwa nimesimama karibu na kundi la vijana waliobeba majembe ya kufukia kaburi. Mmoja akamuuliza mwenzake, kwa sauti ya chini, kama huyu si yule mwenyekiti aliyeondolewa kwa kula mahindi ya kijiji. Mwenzake akasema ndiye.

Hawakusema kwa chuki. Walisema kama mtu anavyosema njia ya Mlalo inapita wapi. Ndipo nikakumbuka kwamba Danieli, mdogo wangu, aliwahi kukuambia kuna maneno hayo mitaani. Mahindi ya ghala yalipungua kweli, lakini ilikuwa mwaka mwingine, si wakati wako, na wala haikujulikana nani. Watu waliokuwapo walihama au walikufa, waliobaki wakachanganya. Ilikuwapo habari ya mwenyekiti aliyeondolewa na ilikuwapo habari ya mahindi, zikashonwa pamoja. Danieli alitaka usimame mkutanoni ueleze. Ulimwambia, "Waache waseme." Alikasirika. Nami, nikiwa mbali kikazi, niliona ni uzee tu, kwamba umechoka.

Kwenye ibada ya shukrani niliomba nafasi ya kusema. Danieli hakupenda sana, aliona ni kuchokonoa mambo. Nilisimama nikasimulia, kama nilivyosimulia hapa, kwa kifupi zaidi. Nilipofika kwenye suti ya katibu na ule moto, niliona wengi hawaamini. Mtu aondolewe uongozi kwa vijisanamu vya plastiki? Kijana mmoja alitabasamu, tabasamu la adabu, la kumwacha bibi aseme.

Zaina alikuwa amekaa nyuma pamoja na akina mama wa Kiislamu waliokuja kutufariji. Hakuomba nafasi. Alisimama tu, akiegemea bega la mjukuu wake.

"Mimi nilikuwapo," alisema. "Suruali ya kaka yangu iliungua siku ile. Kopo la Ruti halikuungua."

Akakaa. Mzee mwingine, ambaye nilidhani hasikii vizuri, akasema ni kweli, yeye ndiye aliyekata zile kuni. Mchungaji akatoa wimbo.

Baada ya chakula, yule kijana wa jembe alinifuata nilikokuwa naosha mikono. Aliniamkia. Akasema kitu kimoja kinamsumbua: kama mambo yalikuwa hivyo, kwa nini mzee alikaa miaka yote akiitwa mwizi na asijitetee, na ilikuwa habari ya dakika chache tu kuieleza. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Nilimwambia nilidhani ulikuwa umechoka.

Zaina alikuwa karibu, anavaa viatu vyake.

"Angejitetea vipi bila kukutaja?" aliniuliza. "Wakati ule kila mtu angesema ni yule mtoto aliyemponza baba yake. Ungeolewa na nani? Ungepita wapi?"

Nimekaa na maneno hayo tangu siku ile, Baba. Nimeyageuza kila upande na sijapata pa kuyakatalia. Nikihesabu kazi zangu, ndoa yangu, miaka niliyopita barabara hii na watu wakiniita Nesi kwa heshima, naona kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kunitazama kwa jicho lile. Kijiji kizima kilikuwa na watu walioona, na bado jina langu halikubaki kwenye habari ile, kwa sababu wewe hukulitia tena kinywani. Ulipoulizwa ulinyamaza, na watu wakachukua lililokuwa karibu. Ulikubali kuitwa mwizi wa mahindi.

Nisingekubali, kama ungeniuliza. Nadhani ndiyo maana hukuniuliza.

Nimepeleka nakala ya maneno haya kwa Danieli, naye ameniambia niyatoe yasomwe. Kijana wa jembe atasoma, na wenzake, na wale waliohamia juzi wasiojua ukuta wa sinema ulikuwa upande gani. Hukula mahindi ya mtu. Uliondolewa kwa kutimiza neno ulilompa mtoto baada ya kula. Miaka yote hiyo hukumtaja mtoto huyo, nami nakushukuru, lakini sasa nimeshakuwa mzee na sina tena ninayemficha.

Pumzika, Baba. Habari yako nitaendelea nayo mimi kutoka hapa.

Mtoto yule ni mimi,
binti yako Ruti

Barazani kwako, juu ya Soni